Swali Kabla ya Picha: Matumizi ya Video Fupi katika Kufundisha Masomo ya Sekondari



Nimeombwa nizungumzie video fupi za elimu na namna zinavyoweza kutusaidia katika masomo yetu mbalimbali. Ninaposema video fupi nakusudia ile ya nusu dakika hadi dakika sita hivi, inayobeba jambo moja tu. Filamu ya saa nzima ambayo wanafunzi huwekewa Ijumaa mchana kwa kuwa mwalimu ana kikao haimo katika mada hii.

Kila mwalimu aliyewahi kuonyesha video darasani anaijua hali hii. Darasa linatulia kuliko siku zote, macho yote yako mbele, ikiisha wanapiga makofi na kuomba nyingine. Kesho yake unauliza swali, na jibu unalopewa ni lile lile ambalo wangekupa kabla hawajaona chochote. Utulivu ule unapendeza, lakini tusiuhesabu kuwa ni kujifunza. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba video humfundisha mwanafunzi pale anapokuwa ameshafanya uamuzi kuhusu jambo lenyewe kabla ya kulitazama, na kwamba anayemfikisha kwenye uamuzi huo ni mwalimu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji umeme.

Kutoka Vugiri hadi kishikwambi

Filamu fupi za kuelimisha zina historia ndefu katika nchi hii kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi 35 kuhusu mambo kama ugonjwa wa safura, kilimo, kodi na kuweka akiba posta. Walizipakia kwenye lori lenye jenereta na projekta, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni ya kusini mwetu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliunda kitengo maalumu cha filamu za makoloni, na magari ya sinema yakaendelea kufika vijijini kwa miaka mingi.

Mtazamo wa waliotengeneza filamu zile ulikuwa wa kumdharau mtazamaji. Waliamini mwanakijiji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, wakamtengenezea picha za polepole za kumwelekeza afanye nini, mtu mwingine akiwa ameshaamua kwa niaba yake. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lenye faida kwetu leo. Kando ya turubai alisimama mtu mwenye kipaza sauti, akieleza kwa lugha ya wenyeji. Watu walimsikiliza yeye, na baada ya onyesho walimuuliza yeye. Mtu huyo alikuwa na nafasi ambayo mashine haikuwa nayo, nayo ndiyo nafasi ya mwalimu.

Nchi zilizojaribu kumwondoa mwalimu kwenye nafasi hiyo zilijifunza kwa gharama kubwa. Côte d'Ivoire ilianza mwaka 1971 kufundisha shule za msingi kwa televisheni nchi nzima. Mwalimu aligeuka msimamizi wa seti, masomo yakatoka kituo kimoja, na wazazi na walimu wakalalamika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango ulifungwa. Sisi wenyewe, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, tuliona vipindi vikirushwa kwenye redio na televisheni. Vilisaidia, na waliovitayarisha wanastahili shukrani, lakini mtoto aliyekwama dakika ya tatu hakuwa na wa kumnyooshea mkono.

Leo kifaa kimesogea mkononi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu, simu janja zimeenea, na kazi nzuri zimetengenezwa kwa Kiswahili. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha watoto hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo tangu mwaka 2014. Kwa hiyo video zipo, na shida yetu sasa ni namna ya kuzitumia.

Utafiti unasema nini

Derek Muller, ambaye wengi mnamfahamu kwa video zake za sayansi za Veritasium, alifanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, akaukamilisha mwaka 2008. Aliwaonyesha wanafunzi video za kanuni za Newton. Kundi moja lilipewa maelezo safi, yaliyopangika na yasiyo na kosa. Kundi jingine lilipewa mazungumzo ambamo mtu mmoja anatoa dhana potofu ambazo wanafunzi wengi wanazo, kisha zinachambuliwa na kurekebishwa. Wale wa kundi la kwanza walisema video yao inaeleweka vizuri, ni rahisi, imenyooka. Walipopimwa, hawakuwa wamesogea kwa kiasi cha kutajika. Wale wa kundi la pili waliiona video yao ngumu zaidi, na hao ndio waliojifunza.

Matokeo haya yanapaswa kututikisa. Mwanafunzi anayeamini kwamba mpira uliorushwa juu bado unasukumwa na nguvu ya mkono atatazama maelezo sahihi ya dakika nne, ataitikia kwa kichwa, na atatoka akiamini vile vile. Akilini mwake maelezo yale yamekubaliana na alichokuwa anakijua. Hakugundua tofauti kwa sababu hakuna aliyemtaka kwanza aseme anachokijua.

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao walichapisha mwaka 2004 jambo linalofanana na hilo kuhusu majaribio yanayoonyeshwa mbele ya darasa. Wanafunzi waliotazama jaribio bila kutakiwa kubashiri walilielewa kwa kiwango kilichokaribiana na cha wale ambao hawakuliona kabisa. Waliotakiwa kubashiri kabla ya kutazama walifanya vizuri zaidi, ingawa kubashiri kulichukua dakika chache tu.

Kuhusu urefu wa video, utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, uliochunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi za mtandaoni za edX. Waligundua kwamba watazamaji huchoka mapema: hata video iwe ndefu kiasi gani, mtazamaji wa kawaida hakuvuka dakika sita. Takwimu hizo zilitoka kwa mtu aliyekaa peke yake mbele ya kompyuta yake, kwa hiari yake. Darasa la wanafunzi 70 wanaochungulia skrini moja, huku wa nyuma wakisikia nusu ya maneno, halina dakika sita. Maoni yangu ni kwamba kwetu dakika mbili hadi tatu zinatosha, na zikizidi, zikatwe vipande. Karl Szpunar na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba video ya somo la takwimu ikikatwa vipande na kuwekewa maswali mafupi katikati, mawazo ya wanafunzi hayatangitangi sana na wanaandika zaidi.

Nyundo na unyoya

Nichukue mfano mmoja niutembeze polepole, kwa kuwa mengine yote yanafuata njia hiyo hiyo. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya mwezi akiwa ameshika nyundo mkono mmoja na unyoya wa kozi mkono wa pili. Nyundo ilikuwa na kilo 1.32 na unyoya gramu 30. Aliviachia kwa pamoja mbele ya kamera. Filamu hiyo haifiki dakika moja, na kwa kuwa ni ya NASA inaruhusiwa kutumika shuleni bila malipo.

Mwalimu wa Fizikia anaweza kuiwasha tu na kusema, tazameni. Watatazama, watasema loo, na kipindi kitaendelea. Au anaweza kuanza na kalamu na karatasi. Anaachia kitabu na jani mbele yao, jani linachelewa. Anauliza: tukienda juu ya mwezi, kipi kitatangulia kufika chini? Chagueni: nyundo, unyoya, vyote pamoja, au vyote vitaelea. Kila mmoja anaandika jibu lake na sababu katika sentensi moja, kwa kalamu ya wino ili asifute. Mikono inanyooshwa na hesabu inaandikwa ubaoni. Wengi watasema nyundo. Wachache watasema vitaelea kwa kuwa mwezini hakuna nguvu ya mvutano, na hapo mwalimu amepata kitu ambacho hakukijua: darasa lake linadhani uvutano unaletwa na hewa. Wapewe dakika mbili wabishane na jirani.

Sasa video iwashwe, isimamishwe Scott anapokaribia kuachia. Anayetaka kubadilisha jibu aandike jipya chini ya la zamani. Kisha iendelee. Darasa litalipuka, na mlipuko huo una sababu, kwa maana kila mmoja ana kitu chake mle ndani.

Kazi haijaisha. Rudisheni nyuma mtazame mara ya pili, safari hii wakipima muda kwa saa ya simu ya mwalimu. Kutoka kimo cha takriban meta 1.6, na uvutano wa mwezi ukiwa meta 1.62 kwa sekunde mraba, hesabu inatoa kama sekunde 1.4. Duniani ingekuwa chini ya sekunde 0.6. Wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe na kuilinganisha na walichopima. Video isiyofika dakika moja imebeba kipindi cha dakika 40, na skrini imewaka kwa dakika tatu hivi.

Masomo mengine na mahitaji yake

Tusidhani kila somo linaihitaji video kwa sababu ile ile. Katika Baiolojia, faida kubwa ni kuona kinachotembea. Kitabu kinachora chembe nyeupe ya damu kama duara lenye madoa, mwanafunzi analinakili, na kwake ni duara milele. Ipo filamu iliyopigwa katika miaka ya 1950 na David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ikionyesha chembe nyeupe ikimfukuza bakteria katikati ya chembe nyekundu hadi kumkamata na kummeza. Waonyeshwe bila maelezo yoyote, waulizwe: ni kipi kinafukuza na kipi kinakimbia? Kinajuaje njia ya kupita wakati hakina macho? Swali la pili linaingiza moja kwa moja suala la kemikali zinazoiongoza chembe, na mwanafunzi anakuwa ameliuliza kabla hujalifundisha.

Katika Jiografia tumebarikiwa. Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamaasai, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati ya natiri. Lava hiyo ina joto la kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, na hutiririka nyeusi kama matope. Ikishapoa na kukutana na unyevu, inageuka nyeupe. Mwanafunzi aliyeona volkano za Hawaii zenye moto mwekundu hataamini kwamba tope hili jeusi ni lava. Mpe picha ya kilele cheupe, muulize ni theluji au ni nini, kisha onyesha video. Katika somo la idadi ya watu na maendeleo, video ya Hans Rosling ya BBC ya mwaka 2010 inapita nchi 200 na miaka 200 kwa dakika nne. Kabla ya kuiwasha, wanafunzi wabashiri: mwaka 1810 ni nchi zipi zilikuwa na wastani wa umri wa kuishi unaozidi miaka 40? Jibu la Rosling ni kwamba hakuna hata moja, na mjadala unaofuata kuhusu kwa nini zilitengana baadaye una thamani kuliko video yenyewe.

Historia inataka tahadhari, maana hapo video yenyewe ni ushahidi wa kuhojiwa. Picha za Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964 kila mtoto amezikuta kitabuni. Zitazamwe sauti ikiwa imezimwa. Nani wamesimama karibu? Kamera iko wapi, na nani aliiruhusu kuwa pale? Nini hakikupigwa picha siku hizo? Vivyo hivyo filamu za kikoloni: mwanafunzi ajue zilitengenezwa na nani na kwa kusudi la kumshawishi nani. Kizazi hiki kinapokea video kwenye simu kutwa kucha, nyingine za uongo mtupu, na mwalimu wa Historia ndiye mwenye zana za kuwafundisha kuzihoji. Nadhani hakuna somo shuleni lenye wajibu mzito zaidi katika jambo hili.

Kiswahili huwa tunakisahau katika mijadala ya teknolojia. Mwanafunzi anakariri kwamba /b/ ni sauti ghuna na /p/ si ghuna pasipo kuelewa kinachoghuna. Zipo video zilizopigwa kwa kamera ndogo iliyopitishwa puani zikionyesha nyuzi za sauti zikitetemeka. Kwanza ashike koo lake atamke /z/ kisha /s/, aandike tofauti aliyoihisi, halafu atazame. Katika ushairi, walimu wa bara wanaofundisha mizani na vina kwa kuhesabu silabi ubaoni wawasikilizishe wanafunzi shairi likighaniwa na mghani wa Pwani. Wakisikia pumzi inapokatwa, kituo cha kipande hawatakitafuta kwa vidole tena.

Hisabati ina hatari yake. Salman Khan alianza mwaka 2004 kumsaidia hesabu binamu yake aliyekuwa mbali, na video zake zikaenea kwa sababu unasikia sauti tulivu na kuona mkono ukiandika hatua kwa hatua. Uzuri huo huo unadanganya: kumtazama mtu akitatua hesabu kunamfanya mtazamaji ajione anaweza. Video ya Hisabati isimamishwe kila kabla ya hatua inayofuata, mwanafunzi aiandike hatua hiyo, ndipo iendelee.

Kemia nitaisema kwa ufupi. Potasiamu kwenye maji, au jambo jingine linaloweza kujeruhi mtoto, lionyeshwe kwa video. Lakini kinachowezekana kwa mikono kifanywe kwa mikono. Juisi ya rozela ni kiashiria kizuri cha asidi na besi, maji ya majivu yanapatikana jikoni pa shule, na limau liko sokoni. Mwalimu anayeonyesha video ya rangi kubadilika wakati vitu hivi vipo amewanyima watoto haki yao.

Zima sauti

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imebakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa msingi huo. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili anakutana na video ya Kiingereza cha Marekani kinachokwenda mbio. Anaona picha na kusikia kelele.

Ushauri wangu ni kuzima sauti. Mzunguko wa kwanza uwe wa picha tupu, na wanafunzi waeleze walichokiona kwa lugha waliyo nayo, yaani Kiswahili, kwa sentensi zao. Mwalimu aandike ubaoni maneno muhimu waliyotumia na pembeni ya kila moja aweke neno la Kiingereza la mtihani. Mzunguko wa pili mwalimu mwenyewe asimulie kwa Kiingereza chepesi akitumia maneno yale. Mzunguko wa tatu, kama muda upo, wanafunzi wasimulie. Hapo mtoto anapata dhana kwanza na jina lake baadaye. Faida nyingine ni kwamba hitaji la spika kubwa linaondoka, jambo ambalo kwa shule zisizo na sabufa ni unafuu wa kweli.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Pakueni video mapema, mkiwa mahali penye mtandao mzuri, wala msitegemee bando wakati wa kipindi. Video ya dakika tano kwa ubora wa 360p haizidi sana megabaiti 20, hivyo flashi moja inabeba mahitaji ya mwaka mzima ya somo. Pasipo na projekta, kishikwambi kimoja kwa wanafunzi wanane kwenye kituo kimojawapo cha kazi kinatosha, huku vikundi vingine vikibashiri au vikifanya hesabu, kisha wanabadilishana. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni na wengi nyumbani hawana, kwa hiyo tusitoe kazi ya lazima inayodai kutazama video nyumbani. Mwalimu anayetaka kurekodi yake mwenyewe alaze simu juu ya vitabu viwili vilivyotokeza ukingoni mwa meza, kamera ikitazama chini kwenye karatasi, karibu na dirisha lenye mwanga. Mkono na sauti vinatosha. Asitafute kuonekana uso.

Kazi ya vikundi

Baada ya chai tutakaa kwa masomo kama tunavyokaa kwenye Jumuiya za Ujifunzaji za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kila kundi litachagua mada moja kutoka kwenye azimio la kazi la muhula huu ambayo wanafunzi huikosea kila mwaka. Anzeni kwa kuorodhesha majibu yasiyo sahihi mnayoyaona kwenye madaftari yao, kwa maneno yao wenyewe. Kutokana na majibu hayo tungeni swali moja la kubashiri lenye chaguo tatu au nne. Swali likishakamilika, na siyo kabla, nendeni kwenye kompyuta zilizo meza ya mbele mtafute video isiyozidi dakika tatu, na mwandike dakika na sekunde mtakazoisimamisha. Mkikosa video inayofaa, swali litaingia kwenye andalio la somo lilivyo, na jaribio litafanywa kwa vitu vya mezani. Saa nane kila kundi litatufundisha sisi wengine kwa dakika kumi, nasi tutajibu kama kidato cha pili.